Nywele za kijana na usaili wa kazi: mwajiri aandike sharti, kijana ajue siku ya kunyoa

Mhariri,

Hapa Kigoma, kuanzia vijiwe vya Mwanga mpaka Ujiji, ubishi mmoja haujaisha. Kijana mwenye kiduku, dredi au nywele za rangi akikosa kazi, amekosa kwa sababu ya kichwa chake au kwa sababu ya sifa zake? Wazee wanasema ni nywele, vijana wanasema ni uonevu. Sisi ni vinyozi. Wengi wanaokwenda kwenye usaili hupita kwanza kwenye viti vyetu, kwa hiyo tunaomba nafasi katika gazeti lako tuliseme jambo hili kwa undani wake.

Kwa maoni yetu nywele zinahesabika, ila si katika kila kazi wala katika kila hatua. Chukua ajira za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Hatua ya kwanza ni maombi kwenye mfumo, na mara nyingi hufuata mchujo wa kuandika. Anayesahihisha karatasi hamwoni mwenye karatasi. Nywele zinaanza kuhesabika kwenye mahojiano ya ana kwa ana, pale jopo linapokaa na mtu kwa muda mfupi na kumpa alama. Wasaili wanajua kuwa upo Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi, na wanamtazama msailiwa kama mtu atakayekaa dirishani kuhudumia wananchi. Hata kama hakuna anayetamka neno "nywele", macho yameshaona.

Kwa waajiri binafsi hali inatofautiana sana. Hoteli, benki na kampuni za ulinzi huangalia kichwa mapema, mara nyingi mlangoni tu. Mwenye boti ya kuvua dagaa pale Kibirizi hajali kabisa. Anataka mtu anayeweza kuvuta nyavu usiku kucha. Fundi wa gereji hajali, ingawa yeye ndiye angepaswa kujali kuliko mwenye hoteli, na tutaeleza kwa nini.

Zipo kazi ambazo nywele ni suala la usalama, na huko hatuna ubishi na mwajiri. Nywele ndefu zilizoachwa wazi karibu na mashine ya kukereza chuma, kinu cha kukoboa au mhimili unaozunguka katika chumba cha injini ya meli zinaweza kunaswa na kuvuta ngozi ya kichwa kabla mtu hajafikia swichi. Kofia ngumu ya ujenzi, kama wanazovaa kwenye mradi wa reli ya kisasa kutoka Tabora kuja huku, ndani yake ina mikanda inayoacha nafasi kati ya gamba na fuvu, na nafasi hiyo ndiyo inayopokea pigo la kitu kikianguka. Afro nene au fundo la dredi lililokusanywa utosini linainua kofia, inakaa juujuu na kudondoka mtu akiinama. Barakoa za kuzuia vumbi na kemikali nazo hutegemea mpira kugusa ngozi. Ndevu zikipita chini ya mpira huo, hewa chafu inaingia pembeni. Jikoni kinachotakiwa ni nywele zisiingie kwenye chakula, na kofia inatosha. Mpishi mwenye kiduku chini ya kofia hana tofauti na mpishi mwenye upara.

Sasa tuje kwenye kazi yetu wenyewe, kwa sababu huku vijana wanapoteza nafasi bila sababu ya maana.

Kosa tunaloliona zaidi ni kunyoa asubuhi ya usaili. Mtu anakuja saa moja, anataka kuwa ofisini saa mbili. Wembe ukikwaruza kidogo, spiriti inawasha na alama inabaki nyekundu kwenye paji. Vinywele vinabaki kwenye kola ya shati jeupe. Umeme ukikatika katikati ya kazi na mashine haina chaji, kichwa kinabaki nusu. Nyoa siku tatu kabla. Mikwaruzo inakuwa imetulia, mstari wa mbele umepoa na hauonekani kama umechorwa kwa rula, na kama kinyozi amekosea, muda wa kurekebisha upo. Asubuhi yenyewe, osha kichwa, paka mafuta kidogo, basi.

Wenye vipele vya ndevu wanahitaji muda mrefu zaidi. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata sufuri kabisa, hasa kwa wembe na ngozi ikiwa imevutwa, ncha iliyobaki inakuwa kali, inajikunja na kuchoma ngozi ya pembeni au ya ndani ya kishimo chake. Hapo ndipo uvimbe na usaha vinapoanza. Hakuna krimu ya siku moja inayoondoa hilo. Aache sufuri na wembe kama mwezi mzima kabla ya usaili, kisha apunguze kwa mashine na kubakiza walau milimita moja, mashine ifuate upande nywele zinakolalia, na ngozi isivutwe. Kisogoni ni vilevile. Yale manundu magumu ya nyuma ya shingo huchochewa na kunyoa sana kwa chini, na mtu mwenye nayo amkatalie kinyozi anayetaka "kusafisha" hapo kwa wembe.

Kiduku kinaondoka kwa mkao mmoja, lakini wengi wanakiondoa vibaya. Wanaenda sufuri kichwa kizima, na ngozi iliyokuwa imefunikwa na nywele za katikati inaonekana nyeupe kuliko ya pembeni iliyozoea jua. Kichwa kinakuwa na mstari mpana katikati, na kila mtu anajua kilichokuwepo. Nywele hukua kama sentimeta moja kwa mwezi, au pungufu kidogo. Kwa hiyo pembeni palipokuwa sufuri panahitaji takriban siku kumi kufika milimita 3. Subiri hizo siku kumi, kisha kichwa kizima kipitishwe kitana namba moja, kile kinachoacha milimita 3. Kichwa kinatoka sawasawa na rangi ya ngozi haionekani. Hesabu ni hiyohiyo kwa wenye michoro pembeni.

Nywele zilizochomwa rangi ya dhahabu hazirudi nyeusi zenyewe. Kilichochomwa kimechomwa, kinachokuja cheusi ni mzizi mpya. Wiki mbili zinatosha kupata mzizi wa milimita 4 hivi, na namba moja inaondoa njano yote. Asiyeweza kusubiri hukimbilia piko, na hapa tunaomba tusikilizwe. Piko na rangi nyingine nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo baadhi ya watu miili yao inaikataa. Muwasho, malengelenge na kope kuvimba vinaweza kuja siku moja hadi tatu baada ya kupaka, yaani siku ileile ya usaili. Jaribu tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48. Wanaume wa makamo wanaotafuta kazi ya udereva na kuficha mvi kwa piko wanahitaji onyo hili zaidi ya vijana, maana wao wanapaka na ndevu, karibu kabisa na mdomo.

Kuhusu dredi, ushauri wetu huenda ukawashangaza wazazi: usikate kwanza. Dredi za miaka mitano zikikatwa hazirudi mpaka miaka mitano mingine, na kazi yenyewe bado hujaipata. Kuzifumua kunawezekana, kwa maji, krimu ya nywele na kitana chenye mpini wa sindano, ukianzia nchani kwenda kwenye mzizi, lakini ni kazi ya siku nzima au zaidi, na kitakachobaki ni kidogo. Kila mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kwenye dredi haziendi popote, zimenaswa humo, na ukifumua zinatoka zote kwa pamoja. Asiyejua hilo hudhani anapata upara.

Kinachowaharibia wenye dredi kwenye usaili mara nyingi ni harufu kuliko mtindo. Dredi nene huchukua hata siku nzima kukauka. Ukiziosha jioni, ukazifunga zikiwa mbichi, msimu huu wa mvua zinavunda kwa ndani, na chumba kidogo cha usaili hakifichi kitu. Osha siku tatu au nne kabla, kamua kwa taulo, ziache wazi juani, usilalie kofia ya sufu. Siku yenyewe rudisha mizizi, yaani sokota upya nywele zilizoota chini ya dredi, funga kwa mpira mweusi chini kisogoni, paji na masikio vionekane. Hapo umempa msaili nafasi ya kukuona uso.

Ndevu zina jambo lake, na katika mji kama Ujiji si dogo. Wapo wanaofuga kwa dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na kifungu hicho kinamlinda mwombaji kazi pia, si aliyeajiriwa tu. Nywele hazikutajwa humo, lakini dini imetajwa, na jinsia imetajwa. Sheria hiyohiyo inaruhusu kumchagua au kumwacha mtu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalihitaji. Kwa hiyo mwajiri anayesema "nyoa ndevu, utavaa barakoa ya kemikali" ana hoja. Anayesema "nyoa, sizipendi" anatakiwa ajiulize mara mbili.

Afrika Kusini jambo hili lilifika mbali. Askari magereza watano wa Pollsmoor, Cape Town, walifukuzwa kwa kukataa kukata dredi walizofuga kwa imani na mila zao. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilisema hawakutendewa haki: haikuonyeshwa kwamba dredi ziliwazuia kufanya kazi, na askari wa kike katika idara hiyohiyo waliruhusiwa kuwa nazo. Hukumu hiyo haituongozi sisi Tanzania, lakini swali lililoulizwa pale ndilo tunalotaka liulizwe hapa: nywele hizi zinazuia kazi gani?

Ombi letu kwa waajiri wa Kigoma, wawe wa hoteli, wa stoo za bandarini, wa mashirika yanayohudumia kambi ya Nyarugusu au wa maduka ya jumla, ni kuandika sharti la nywele kwenye tangazo la kazi, pamoja na sababu yake. Mstari mmoja unatosha: "Nywele fupi zisizozidi sentimeta moja, kwa kuwa kazi ni ya kuvaa kofia ngumu", au "Nywele ndefu zifungwe na kufunikwa muda wote wa kuandaa chakula". Mwombaji ataamua mwenyewe kama kazi hiyo anaitaka kuliko dredi zake, na atakuja kwetu mapema badala ya saa moja asubuhi. Kumwacha mtu asafiri kutoka Kakonko au Uvinza kwa nauli ya kukopa, akae kwenye benchi mpaka mchana, kisha aambiwe "tutakupigia" kwa sababu ya panki ambayo ingeondoka kwa dakika kumi, huko ni kumtesa bure.

Na kwa vinyozi wenzetu: kijana akikaa kwenye kiti, muulize kwanza anakwenda kwenye kazi gani na lini. Futa meno ya mashine kwa spiriti mbele yake, fungua wembe mpya akiuona. Akikwambia usaili ni kesho na anataka sufuri, mwekee namba moja na umweleze sababu.

Vinyozi wa Mwanga,
Kigoma