Kenny na Dolly hawakuwa mtu na bibi yake

Kwa Mhariri,

Wiki jana ukurasa wenu wa burudani ulikuwa na makala ya nyimbo za kantri za watu wawili, na mwandishi akasema ati Islands in the Stream ya Kenny Rogers na Dolly Parton inabamba mpaka leo kwa sababu hao wawili walikuwa wanapendana kikweli, halafu akamalizia kwa kuwachapa wasanii wa siku hizi ati kolabo zao hazina mapenzi. Mimi ni shabiki wa kantri toka enzi za kaseti, na hii nimeshindwa kuinyamazia, maana hata watangazaji wa redio huku kwetu husema hivyo hivyo kila Jumapili, na madijei wa harusi nao wakiuweka huo wimbo maharusi wanapoingia lazima waseme "muwe kama Kenny na Dolly."

Wawe kama wao vipi jamani? Dolly aliolewa na Carl Dean mwaka 1966, bwana mmoja mkimya ambaye hata kamera hakuwa anataka kuziona, na wakakaa pamoja mpaka mzee akafariki mwaka 2025. Kenny naye alioa mara 5 na hakuna hata mmoja kati ya hao 5 anaitwa Dolly. Walikuwa marafiki, basi. Marafiki wakubwa, walitaniana miaka na miaka, na Kenny alipokuwa anaaga jukwaa kule Nashville Oktoba 2017 Dolly alikuja wakaimba pamoja, halafu Machi 2020 Kenny akatutoka. Sasa bibi harusi wa Nakuru akiambiwa awe kama Dolly mwelezeni kwanza bwana yake ni nani.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba huo wimbo haukuzaliwa wa kantri na wala haukuzaliwa wa watu wawili. Waliouandika ni Bee Gees, Barry, Robin na Maurice Gibb, hao hao ndugu wa disko, na walipouandika mawazo yao yalikuwa kwa ule muziki wa Wamarekani weusi wa R&B. Barry ndiye alikuwa prodyusa wa albamu ya Kenny ya 1983, na Kenny mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba aliimba huo wimbo studioni siku 4 nzima peke yake mpaka ukamkinai, akamwambia Barry hata siupendi tena. Barry akamjibu hapa anatakikana Dolly Parton. Bahati nzuri meneja wa Kenny alikuwa ametoka kumwona Dolly kwa jengo hilo hilo, akaitwa, akaingia, na Kenny anasema kuanzia hapo wimbo ukawa mwingine kabisa. Na vile wote wawili walikuwa chini ya kampuni moja ya kurekodi, RCA, hapakuwa na kampuni nyingine ya kubembeleza. Singo ikatoka Agosti 1983, kufika Oktoba iko namba 1 kwa chati kubwa ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na kwa ile ya kantri pia, yaani wimbo wa watu wa disko umekalia kiti cha kantri na hakuna aliyelalamika.

Sasa mwandishi wenu anijibu, hizo siku 4 Kenny akihangaika peke yake, maneno ya mapenzi si yalikuwa hapo hapo kwa karatasi? Yalikuwa, na wimbo bado ulikuwa umelala. Uliamka sauti ya pili ilipopewa kazi ya kufanya. Usikilizeni tena, na mtumie hedfoni, spika ya matatu inameza kila kitu. Kenny anaanza chini chini na hiyo sauti yake ya mikwaruzo, kama mtu anaongea ameketi. Ubeti wa kwanza haujaisha Dolly ameshaingia, anamjibu, kiitikio wanabeba pamoja, sauti yake ikikaa juu ya ya Kenny bila kuifunika. Halafu ubeti wa pili, hapa ndio patamu, muziki mzima unahamishwa kii, yaani ngazi ya sauti inabadilishwa, na ni Dolly anaufungua, yaani mgeni amekabidhiwa nyumba na mwenyewe anangoja kando zamu yake ifike. Hiyo ni hesabu ya prodyusa, mapenzi hayajui kuhamisha kii.

Na pia msisahau hawa wawili walikuwa wameisomea hiyo kazi. Dolly kabla awe Dolly huyu tunayemjua alikuwa miaka 7 anaimba na mwimbaji wa kantri Porter Wagoner kwa kipindi chake cha TV, kuanzia 1967, kwa hivyo kuimba kando ya mwanamume mwenye jina kubwa na usipotee alikuwa anakujua vizuri. Kenny naye alikuwa ameshaimba sana na mwanamke mwingine wa kantri, Dottie West, mpaka wakachukua tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani, ya waimbaji wawili bora, 1978 na tena 1979. Huyu mtu alikuwa anajua kunyamaza wakati wa mwenzake, kitu ambacho mastaa wengi kitawashinda.

Kwa hivyo tukirudi kwa kolabo za siku hizi, mi nakubaliana na mwandishi kwamba nyingi ni baridi, ila sababu yake siikubali. Leo msanii anatumiwa biti kwa WhatsApp, anarekodi mistari yake 8 huko aliko, anairudisha, inabandikwa pale katikati na wimbo unaendelea kana kwamba hakuna mtu alipita. Ukimtoa hutajua alikuwepo. Jina lake liko kwa kava kwa sababu ya viewzi tu. Hata hao wasanii wawe mume na mke wa kanisani, ukiwapanga hivyo utapata kitu baridi vile vile. Na kutokukutana si lazima iwe shida, prodyusa akijua anataka nini kwa kila sauti atakupikia kitu kizuri tu, ila akiwa kazi yake ni kuunganisha mafaili basi hiyo ndiyo tunasikia.

Ombi langu kwa watangazaji, mkiucheza tena tajeni na walioandika, sekunde 5 hazitaua kipindi, kuna watu wazima hapa wakiambiwa huo ni wimbo wa Bee Gees wanabisha mpaka wanataka kuweka pesa. Na nyinyi wa gazeti, ile habari ya mapenzi yao irekebisheni, halafu siku mkipata nafasi mtuandikie kuhusu Dottie West, aliyefariki 1991 baada ya ajali ya gari akielekea kuimba Grand Ole Opry, lile onyesho maarufu la kantri kule Nashville. Zile nyimbo zake na Kenny mimi bado ninazo, lakini redioni hata sikumbuki mara ya mwisho kumsikia ni lini.

Shabiki wa kantri,
Nakuru