Barua kwa Zuhura kuhusu safari ya Orakei Korako

Zuhura dada yangu,

Mama mfikishie shikamoo yangu kwanza, halafu keti usome. Nimefurahi mno kusikia tiketi zimeshakatwa na mtakuwa Taupo, huku Nyuzilandi, Desemba, nyote pamoja na Mama. Lakini umeniuliza habari za boti ya kuwafikisha Orakei Korako mara tatu, na ardhi ya kule kwenye bonde la chemchemi za moto hukuiuliza hata mara moja. Hilo ndilo limenifanya niandike usiku huu huu.

Boti nitaieleza upesi. Ile ya jeti haina pangaboi chini. Pampu inafyonza maji kupitia wavu ulio tumboni mwa boti na kuyatema nyuma kwa nguvu. Nahodha akigeuza mdomo wa kutolea maji, boti nayo inageuka. Mkulima William Hamilton wa hapa Nyuzilandi aliiendeleza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya mawe na maji haba, na ikishashika kasi inapita hata penye kina cha sentimita 10. Akikata moto wa injini, usukani unakufa, maana hakuna maji yanayotoka ya kuielekeza. Kwa hiyo mto Waikato ukibana kati ya majabali na injini ikanguruma, usimpigie kelele apunguze. Akiinua mkono na kuzungusha kidole, anataka kuizungusha boti: shikeni chuma kwa mikono miwili, simu iwe kwenye mfuko wenye zipu. Mtandio ubane kwa pini, buibui liache hotelini, na beba nguo kavu za watoto.

Mama asipande. Diski ya mgongo wake haitastahimili mishtuko ile, hata akisema yuko sawa, na unajua atasema. Rama amlete kwa gari. Barabara inafika hadi ukingo wa ziwa Ohakuri, ng'ambo ya bonde, na akikaa pale anauona mteremko mweupe ukifuka mvuke. Akitaka kuvuka, kuna boti ndogo ya taratibu. Ila kule bondeni ni ngazi tupu, hasa za kuteremkia pangoni, hivyo na kigari cha mtoto msihangaike nacho.

Sasa ardhi. Faraji amezoea ziwa Bogoria la Kenya, ameona watu wakichemsha mayai kwenye chemchemi, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Orakei Korako maji yanapanda na silika iliyoyeyuka, yaani madini yaleyale ya kioo. Yakipoa, silika inaganda kuwa jiwe jeupe. Ganda hilo hujijenga hata juu ya maji, likaning'inia ukingoni mwa kidimbwi kama ukoko uliobanduka sufuriani. Kwa macho ni sakafu, chini yake ni maji yanayokaribia kuchemka. Mguu wa mtoto unalitoboa. Msitoke kwenye njia ya mbao hata hatua moja, hata kofia ikipeperuka, na Faraji ashikwe kifundo cha mkono, maana kiganja kikilowa mvuke kinateleza. Viatu vya kufunika, malapa hapana. Rangi za chungwa na kijani wataziuliza: ni vijidudu vinavyopenda joto, kila aina na kiwango chake. Nyingi ya chemchemi zilizokuwepo zilizama bwawa la umeme lilipojaa mwaka 1961, na bado zilizobaki zinatosha kumshangaza mtu.

Likitokea la kutokea, mtu akaungua, vua kiatu na soksi haraka, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, piga 111. Asali, mafuta, dawa ya meno, usikubali, hata Mama akisisitiza.

Na kama baadaye mtakwenda kuoga kwenye mabwawa ya moto ya asili, kichwa kisizame. Wote, si watoto tu. Kuna amiba anayeingia kwa pua hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini akishaingia ni vigumu mno kupona. Latifa anapenda kupiga mbizi, namjua, mwambie mapema akiwa bado nyumbani.

Bangili za fedha ziacheni, gesi ya kule yenye harufu ya mayai viza inazitia weusi. Ile gesi hutuama mabondeni, basi kama kifua cha Rama bado... hebu niambie kwanza.

Je, Faraji ana urefu gani sasa? Kampuni za boti zina kipimo chao, nataka kuwauliza kabla hujalipa. Kiingilio cha bondeni kimo ndani ya bei uliyotajiwa au kinalipwa kando? Rama ana leseni inayokubalika huku? Mwanaisha naye anakuja, au zile habari zake ni kweli? Kama ni kweli, boti haimfai hata kidogo, mweleze kwa upole. Na Mama analalaje siku hizi?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Saumu