Makengeza: tuongee kabla hujakata tiketi ya India

Swali hili wateja huliuliza kwa sauti ya chini, wakati tumekwisha kumaliza hesabu ya tiketi: «Papa, banatoshaka jicho inje?» Yaani, kwenye upasuaji wa makengeza, jicho hutolewa nje?

Hapana, Mama. Jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Kila jicho lina misuli sita inayolivuta huku na kule kama kamba za hema. Daktari anapasua kidogo ule utando mwembamba ulio juu ya sehemu nyeupe, anaufikia msuli, kisha anausogeza nyuma ili ulegee, au anaufupisha ili uvute zaidi. Anafanya kazi kwa milimita chache tu. Ndani ya jicho hafungui. Mtoto analazwa kwa dawa ya usingizi, kazi inachukua saa moja hivi, na mara nyingi jioni yuko na mama yake akiomba chakula.

Sisi hapa Lubumbashi tunasafirisha wagonjwa: barua ya hospitali, viza, tiketi, kutafsiri dosie (faili la mgonjwa), mtu wa kuwapokea kule. Safari ndizo zinazotulisha. Lakini mtu akija na mtoto mwenye makengeza hatumfungulii dosie mpaka aonane na daktari wa macho wa hapahapa mjini, kwa sababu makengeza mengine hayahitaji kisu.

Kuna mtoto ambaye jicho linaingia ndani anapotazama kitu cha karibu. Mara nyingi huyo ana shida ya kuona karibu, na macho yanajikaza mpaka yanakutana. Daktari anamtia matone ya kupanua mboni, anampima, anampa miwani. Wengine wakiivaa kila siku macho yananyooka kabisa. Sasa fikiria familia iliyouza kiwanja cha Ruashi, hapa mjini, ikaenda mpaka Hyderabad, India, kuandikiwa miwani! Kuna pia mtoto mchanga mwenye pua pana ambaye anaonekana kana kwamba ana makengeza, kumbe macho yake yako sawa. Na kabla ya miezi mitatu au minne, macho ya mtoto kutangatanga kidogo ni kawaida.

Halafu kuna jicho vivu. Jicho lililogeuka likikaa muda mrefu bila kutumika, ubongo unaliacha. Dawa yake ni miwani na kufunika lile jicho zuri kwa plasta saa kadhaa kwa siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi, na hiyo inafaa zaidi kabla ya miaka saba au minane. Upasuaji unanyoosha jicho, ila hauliamshi. Ndiyo maana hatupendi kusikia bibi akisema «atakomaa nayo, itanyooka yenyewe». Plasta inapatikana hapa, haina viza.

Mambo mawili hayangoji ofisi yetu wala ya mtu mwingine. Ukimpiga mtoto picha kwa flashi ukaona mboni moja inang'aa nyeupe, mpeleke kwa daktari wa macho leo, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya ndani ya jicho. Na mtu mzima akiamka anaona vitu viwili-viwili na jicho limegeuka ghafla, aende hospitali sasa hivi: inaweza kuwa sukari, presha au shida ya kichwani.

Mtu mzima mwenye makengeza ya tangu utotoni naye anaweza kupasuliwa. Aje na picha zake za zamani, hata ile ya komunyo ya kwanza, maana daktari atataka kuona jicho lilikuwa linaelekea wapi na tangu lini. Atazibwa jicho moja, kisha jingine, huku daktari akiangalia lile lililo wazi linavyoruka kutafuta shabaha, na akipima ukubwa wa mruko huo kwa vioo vya prizma, vinavyopindisha mwanga. Bila vipimo hivyo, bei utakayotajiwa kwa WhatsApp ni ya kubahatisha tu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze njia. Kwa wengine Kitwe, Zambia, inatosha. Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa ni barabara tu, kule wana huduma ya macho ya watoto, na Kibemba chako kitakusaidia kuliko Kifaransa. Kwa kesi ngumu, au jicho lililokwisha kupasuliwa, watu wengi huchagua India. Hospitali ya macho ya Aravind ya Madurai ilianza 1976 na L V Prasad ya Hyderabad 1987, na zote zina madaktari wanaoshughulikia makengeza tu. India inatoa viza ya mgonjwa pamoja na viza za wasindikizaji, wasiozidi wawili. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano wanaikagua kweli, na chanjo inaanza kuhesabiwa baada ya siku kumi, kwa hiyo usichanje juzi ukasafiri leo. Mzazi anayebaki aandike idhini, na saini ithibitishwe.

Ukipewa bei, uliza kama ndani yake mna dawa ya usingizi, vipimo, matone na kuonwa tena. Uliza pia upasuaji wa pili utalipiwaje, kwa sababu karibu mtu mmoja kati ya watano huuhitaji. Hilo si lazima liwe kosa la daktari: misuli inapopona inaweza kuvuta tofauti na ilivyotarajiwa.

Tiketi ya kurudi tunaiweka wiki moja au mbili baada ya upasuaji. Ndege yenyewe haina neno, maana hakuna gesi iliyowekwa ndani ya jicho kama kwa baadhi ya wanaopasuliwa retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho. Tunachohitaji ni daktari kuwaona tena. Jicho litakuwa jekundu kwa wiki kadhaa, na wengine wanaona viwili-viwili siku za mwanzo. Kuogelea hapana, na vumbi letu la Agosti mtoto alikwepe. Matokeo yenyewe yanasomwa baada ya wiki sita hivi, na hiyo inaweza kufanyika hapa, mradi umerudi na ripoti ya upasuaji inayotaja msuli upi uliguswa na kwa milimita ngapi. Watu husahau karatasi hiyo kuliko zote. Sisi tunaidai kabla mgonjwa hajaondoka hospitali, tunaitafsiri kwa Kifaransa na kumpa daktari wa hapa nakala.

Ukija ofisini, leta kipimo cha daktari wa macho, miwani kama ipo, picha za zamani na pasipoti. Pesa hatupokei mpaka barua ya hospitali ifike.