Barua ya wazi kwa vijana mnaouguza wazazi wenye saratani

Wanangu,

Marahaba, nawaitikia wote kwa pamoja. Simu zenu za usiku zina swali moja: "Babu, daktari bingwa wa mionzi mzuri ni yupi?" Mnaniuliza mimi kwa sababu nilimuuguza bibi yenu, saratani ya shingo ya kizazi. Nimeona niandike, maana simu hukatika kabla sijafika kwenye maana.

Kwanza, punguzeni haraka ya nauli ya India. Nimeshaona michango ikipitishwa hata majibu ya kinyama, kile kipande kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe, hayajatoka. Bila majibu hayo daktari wa mionzi atapanga nini? Sisi wenyewe tuliteleza hapo: hospitali moja, sitaitaja, ilipoteza kinyama cha bibi yenu, tukasubiri miezi miwili majibu ambayo hayakuwepo. Tangu siku hiyo kila karatasi naomba nakala, na picha za CT, zile zinazoonyesha ndani ya mwili, naziomba kwenye diski. Mfuko wa karatasi hizo ninao hadi leo.

Kwetu Tanzania mlango mkubwa ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam. (Barabara sasa inaitwa Barack Obama, mimi ulimi umegoma.) Watu wa Kanda ya Ziwa wana Bugando, Mwanza. Huko mnakwenda kwa rufaa, na daktari mtamkuta zamu, hamumchagui kama fundi cherehani. Mnachoweza kuchagua ni maswali.

Mkiketi mbele yake ulizeni: "Daktari, hii tiba ni ya kuponya au ya kumtuliza maumivu?" Ni swali gumu kulitoa mdomoni mama akiwa ameketi hapohapo, lakini litoeni. Ya kutuliza huweza kuwa mara moja au mara chache tu, mgonjwa akarudi kwake. Ya kuponya ni siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Mipango ya nyumba nzima inategemea jibu hilo, na daktari anayekasirika kwa kuulizwa, mimi ningetafuta maoni ya mwingine.

Kama ni shingo ya kizazi, ulizeni pia mionzi ya ndani, ile ambayo chanzo chake huingizwa mwilini karibu na uvimbe, itafanyika wapi na tarehe gani. Kwa kawaida anayetibiwa ili apone huanza na mionzi ya nje, pamoja na kemo, yaani dawa za kuua saratani, mara moja kwa wiki kama figo zinaruhusu, kisha hupata ya ndani. Yote inatakiwa yakamilike ndani ya wiki 8 hivi. Mkijibiwa "hiyo tutaona mbele ya safari", msiinuke kitini.

Halafu mashine. Vijana mnapenda jina: LINAC, LINAC, ile mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme. Ni nzuri kweli, inalenga vizuri, lakini mashine ya kobalti, inayotumia madini yenye mionzi, nayo imeponya watu wengi. Chanzo chake hupungua nguvu hadi nusu kila miaka 5 na kidogo, kwa hiyo kikizeeka mgonjwa hulala chini yake muda mrefu zaidi. Mimi ningeuliza ziko ngapi, na moja ikiharibika wagonjwa wanapelekwa wapi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika. Fikirieni aliyekuwa katikati ya dozi.

Ulizeni pia kama yupo mtaalamu wa fizikia anayepiga hesabu za mionzi. Bingwa huandika dozi, huyu ndiye huhakikisha mashine inatoa kilichoandikwa. Watu hawamjui kwa sababu havai stethoskopu shingoni.

Bibi yenu walimchora mistari ya wino kiunoni, ya kulengea mashine. Akioga alijimwagia maji kwa kikombe, taratibu, akiikwepa. Siku moja mmoja ukafutika, akatoka bafuni analia, ameshika kalamu ya mjukuu anataka kuuchora mwenyewe. Tukaenda hivyohivyo. Kijana wa mashine akamwambia, "Bibi, umefanya vizuri kutougusa," akampanga upya kitandani, akapima, akaita mwenzake naye akapima. Foleni ikanung'unika nje, wao wala. Bingwa tulimwona mara moja kwa wiki, vijana wale kila siku, na ni siku ile nilipoacha kuulizia hospitali nyingine.

Sasa hesabu ya pesa. Msiishie kwenye bili. Tulifikia Mbagala kwa shemeji, daladala alfajiri na kurudi jua kali, na bibi yenu alitakiwa kunywa maji kibofu kijae kabla ya kupanda mashine. Akinywa nyumbani, foleni ya magari inamuumbua. Ikabidi anywe akifika. Siku za kukosa zinaharibu tiba, seli za saratani hazisubiri nauli ipatikane. Kwa hiyo kabla hamjachangishana, mwambieni mmoja wenu aombe likizo, akalale na mama hukohuko mpaka siku ya mwisho. Mtajeni jina leo.

Babu yenu