Mnaotutibu mifupa, mfundisheni na anayetuuguza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna jambo limenikaa rohoni tangu nivunjike mguu na sasa ndo naweza kukaa kitako nikaliandika. Nilianguka kwenye ngazi nikavunjika ugoko, mifupa yote miwili, ule mkubwa wa mbele na ule mwembamba wa pembeni, wakaninyoosha wakanifunga hogo kuanzia kwenye vidole hadi katikati ya paja. Kuanguka kwenyewe hakuna cha kusimulia. Nataka kusema kuhusu siku niliyoruhusiwa.

Siku hiyo nesi alinieleza mambo mengi harakaharaka na mimi kichwa bado kizito kwa dawa za maumivu, naitikia tu ndiyo ndiyo. Mke wangu alikuwa nje ya mlango kashika viatu vyangu na magongo, kaambiwa asubiri hapo. Yani mtu ambaye ndo angeniinua, angenikogesha, angeamka usiku kuniwekea mto, hakuambiwa hata neno moja, na mimi niliyeambiwa nilipofika nyumbani nilikuwa nakumbuka kitu kimoja tu, kwamba hogo lisilowe maji.

Usiku wa tatu maumivu yakapanda, dawa nimemeza hazisaidii, vidole vimevimba, vya baridi, vina ganzi kama sio vyangu. Mke wangu akasema labda ndo kawaida ya mfupa tuvumilie kukuche. Mama, Mungu ambariki, akataka kuvichua. Mdogo wangu ndo alikataa, akasema kama ni kawaida mbona jana haikuwa hivi, akanibeba mgongoni saa nane ya usiku tukarudi hospitali. Daktari wa zamu akalipasua hogo kutoka juu mpaka chini na ile pamba ya ndani akaichana yote, na hapohapo nikasikia mguu kama umefunguliwa kamba.

Ndipo akatuambia kumbe mguu uliovunjika unavimba sana siku za mwanzo na uvimbe ukikosa pa kwenda damu haipiti vizuri, na misuli ikikaa masaa bila damu inaanza kufa. Kwa hiyo maumivu yakizidi wakati dawa umemeza, au ukinyooshewa vidole unapiga kelele, au vidole vinapata ganzi, vinapauka au kugeuka rangi, hapo hamsubiri asubuhi. Halafu akamwita mke wangu asogee karibu. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka ukawa mweupe, akauachia, akamwambia hesabu, rangi irudi kabla hujafika tatu, haya fanya wewe nione. Mke wangu akafanya. Hazikuisha dakika mbili.

Tangu siku hiyo ile kazi aliichukua binti yetu mdogo, kila asubuhi kabla ya kwenda shule anapiga magoti mwisho wa kitanda na sare yake, anabonyeza kidole kimoja baada ya kingine anahesabu kwa sauti, moja, mbi, imerudi baba! Mimi nilikuwa naamka mapema nimsubiri.

Sasa Mhariri swali langu ndo hilo, hizo dakika mbili zilishindikana nini siku ya kuruhusiwa? Simlaumu yule nesi, nilimuona anavyokimbia kitanda hadi kitanda. Nalaumu huu utaratibu wa kumfundisha mgonjwa peke yake wakati mgonjwa ndo mtu asiyeweza kushika kitu siku hiyo. Aitwe anayemuuguza, na asielezwe kwa mdomo tu, afanye kwa mikono yake mbele yenu.

Maana mengine yote tulijifunza kwa kubahatisha. Kwamba mguu ukiunyanyua unashika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kisigino mwingine chini ya goti, na unamwambia mwenye mguu kwanza. Kwamba mguu ulale juu kupita kifua siku za mwanzo, sio kuning'inia. Kwamba uzito wa magongo unabebwa na viganja, sio kwapa, mimi nilining'inia kwa kwapa wiki nzima mpaka mikono ikaanza kufa ganzi. Kwenye ngazi unapanda na mguu mzima kwanza, ukishuka yanatangulia magongo na mguu mbovu, na anayekusindikiza muda wote akae upande wa chini yako, nikipanda mdogo wangu alikuwa ananishika mkanda wa suruali kwa nyuma. Na kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikaanza kukata ghafla na kifua kinachoma, hiyo ni ya kukimbia hospitali maana damu inaweza kuganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Hili la mwisho niliambiwa mwezi wa pili tangu nivunjike!

Na kuna upendo unaochelewesha mtu. Mama hakutaka niinuke hata kufuata kikombe, nikijaribu anakuja mbio, mwanangu kaa. Hogo lilipokatwa paja lilikuwa nusu ya mwenzake, ngozi inatoka magamba, binti yangu akaogopa kuligusa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamweleza mama kwa heshima kabisa kwamba mfupa wenyewe unahitaji kazi ili ukaze, na kuanzia hapo mama akawa mkali upande wa pili, anakaa kwenye kiti ananihesabia, kaza paja, shikilia, moja mpaka tano, bado hujamaliza. Nilianza kuukanyaga wote wiki ya 14.

Lakini wa kuonewa huruma zaidi ni mke wangu. Miezi ile alikuwa analala amekaa, mgongo unamuuma kwa kuninyanyua vibaya, na kila mgeni aliyeingia aliniuliza mimi hali, yeye hakuulizwa. Kuna siku nilimfokea kisa maji yamechelewa, akatoka akaenda kulia nyuma ya nyumba. Nilimuomba msamaha na bado naona haijatosha. Tulichofanya baadae ni mdogo wangu kuchukua zamu ya usiku siku tatu kwa wiki, na hilo tungelifanya wiki ya kwanza kama kuna mtu angetuambia kwamba hii safari ni ya miezi.

Wiki ijayo narudi kliniki kupiga eksirei nyingine. Mke wangu ataingia na mimi ndani, nimeshamwambia safari hii asikubali kubaki mlangoni.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.