Kwa Nini Hatuuzi Vifaranga wa Samaki Siku Ile Ile Wanapovuliwa

Wafugaji wa Malindi na vijiji vya jirani hutuuliza kwa nini vifaranga wa tilapia waliochambuliwa kwa ukubwa leo hatuwapakii leo, ilhali mteja amekwisha kulipa. Sababu ni majeraha. Kifaranga anayepita katika wavu hupoteza ute na pengine magamba machache, na wengine hupasuka pezi la mkia, ndipo mwili huanza kazi ya kujiponya, inayohitaji utulivu na maji yenye hewa ya kutosha.

Kazi hiyo imechunguzwa sana kwa samaki pundamilia, samaki mdogo wa maji baridi kutoka Asia Kusini, ambaye akiwa mchanga mwili wake hupenya mwanga, hata chembe zake zikaonekana kwa darubini zikitembea angali hai. Pezi lake linapokatwa, seli za ukingo wa jeraha hutengeneza haidrojeni peroksaidi katika dakika chache, na utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kemikali hiyo ndiyo inayoziita chembe nyeupe za damu. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, hutangulia, idadi yake hufikia kilele baada ya takriban saa 6, kisha hupungua, baadhi zikiondoka jerahani zikiwa hai. Makrofaji, chembe nyeupe za aina nyingine, husafisha mabaki na kusaidia pezi kuota upya, jambo linalochukua siku 3 hivi.

Kwa hiyo kuvimba kwa kidonda kipya si ugonjwa. Tunasikitika tunapoona dawa za kuua bakteria zikimwagwa bwawani kwa sababu ya michubuko tu, kwani mazoea hayo hulea vijidudu sugu.

Chumvi nayo yahitaji uangalifu, hasa hapa pwani ambako visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji hupenya kidondani na kuzivimbisha seli, na kuvimba huko ni mojawapo ya ishara zinazoharakisha kufunga jeraha. Samaki pundamilia wachanga walipowekwa katika maji yenye chumvi sawa na ya miili yao, vidonda vilichelewa kufunga. Tilapia ni samaki mwingine, mstahimilivu zaidi wa chumvi, na chumvi kidogo humpunguzia taabu ya safari. Hata hivyo hatuizidishi.

Unapoagiza, tafadhali tueleze hali ya maji yako ili tuwazoeshe vifaranga mapema. Wakifika, usiwavue tena kwa siku kadhaa, na ukiona ukungu mweupe kama pamba juu ya kidonda, wasiliana nasi kabla ya kutia dawa yoyote.