Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Arobaini ikiisha, mama anaachiwa nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nimeshika kadi ya kliniki ya mwanangu wa pili, mwenye mwaka na miezi mitano. Imekunjwa mara nyingi mpaka mkunjo umeanza kuchanika. Ukiifungua utakuta kila kitu kipo: BCG ya siku za mwanzo, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua ya miezi 9. Nukta za uzito zinapanda ndani ya rangi ya kijani, hakuna hata mwezi mmoja ulioshuka. Mtu akisoma kadi hii atasema nyumba ile ilikuwa na mwaka mzuri.

Nakuandikia kwa sababu ya nukta ya mwezi wa nne. Mwezi ule nilikuwa silali hata mtoto akilala. Nakaa ukingoni mwa kitanda nasikiliza anavyopumua. Mchana mmoja uji ulichemka, ukafurika, ukazima jiko, nami nimesimama pale pale nauangalia. Mtoto analia chumbani, na kilio chake nakisikia kama cha mtoto wa nyumba ya pili. Siku ya kliniki ilipofika nilioga, nikajitanda kanga safi, nikakaa kwenye foleni na wenzangu. Nesi akamning'iniza mtoto kwenye mizani, akaweka nukta, akasema, "Hongera mama, mtoto anakua." Nikamshukuru. Nilipofika nyumbani nililia mpaka adhana ya magharibi.

Simlaumu nesi yule. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka chini ya mwembe, naye yuko peke yake. Nilimpa kadi ya mtoto, akajaza ya mtoto.

Kwetu Pangani mzazi haachwi peke yake. Nilipojifungua, mama yangu alikuja Dar kwa basi akiwa na furushi lake. Nilikandwa asubuhi na jioni, tumbo likafungwa kanga, uji wa pilipili manga nikanyweshwa nitake nisitake. Ufagio sikuushika. Najua wataalamu wana maneno yao juu ya mila hizi, na mengine ni ya kweli, maana yale maji ya kukandia kuna siku yaliniunguza. Lakini kwa siku 40 alikuwepo mtu mzima aliyenitazama usoni kila asubuhi. Arobaini ilipotimia mtoto akatolewa nje, mama akafunga furushi lake, akarudi kwa baba anayesumbuliwa na presha.

Sasa tazama, Mheshimiwa. Ratiba ya huduma kwa mama baada ya kujifungua nayo inaishia siku ya 42. Mtoto ataendelea kupimwa mpaka afike miaka 5, ila mimi nimeshamalizwa. Mila na wizara, bila kukaa kikao, viliniachia wiki ile ile.

Mume wangu hakuwa mtu wa kukwepa. Ni mlinzi wa ghala, alipata siku zake tatu za likizo kama sheria ya ajira ya 2004 inavyotaka, akazitumia kuchota maji na kufua nepi, siku ya nne akarudi lindoni. Sheria hiyo hiyo inampa mama mwajiriwa siku 84, au 100 akizaa pacha. Najua hiyo si wizara yako, na kina mama wengi wa mtaani kwangu wana genge, hawana mwajiri. Naipita.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kwa kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Sonona haingoji arobaini wala haiogopi: inaweza kumwanza mtu wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Mtaani jina hilo hatulitumii. Tunasema ana mawazo. Tunasema anadeka, amebadilika tangu azae, amechezewa. Akilalamika anaambiwa, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" Na kile tunachokiita kichaa cha uzazi, mama anaona visivyoonekana na kusikia sauti, ambacho ni cha kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo, mara nyingi huanzia kwa mganga, na siku zinapotea.

Mimi niliokolewa na muuza maandazi. Ni jirani yangu, mtu wa umri wa mama yangu mdogo, na kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu. Asubuhi moja alipiga hodi mara moja akaingia, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema, "Kaoge." Nikaoga. Nilipotoka, mtoto kalala begani kwake, naye anafagia kwa mkono mmoja. Kesho yake akaja saa ile ile. Siku nne hakuniuliza kitu. Siku ya tano, anakunja nguo za mtoto, akasema kama mtu anayeongea na zile nguo: "Mimi wangu wa tatu nusura nimtupe." Ndipo nikamwambia yote. Baadaye ndiye aliyenisindikiza kwa daktari, nauli akatoa mfukoni mwake, na mpaka leo amekataa nimrudishie.

Kwa hiyo ninachokuomba, mtu wa kumtazama mama baada ya arobaini, nimekionja. Wala si cha kubuni. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare. Ndani ya kliniki hakukuwa na chumba cha kuwapa, wakawekewa benchi la mbao nje. Mtu anakaa na bibi, anazungumza, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Bibi wale hawakuzungumza lugha ya vitabu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa 2016: waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi la mbao, Mheshimiwa. Fundi wa Keko analimaliza kwa siku moja.

Wewe unao watu tayari. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Huyo wa mtaani kwetu anajua kila nyumba yenye kichanga. Apewe mafunzo ya kumuuliza mama hali yake kabla ya kuuliza ya mtoto. Na tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina lote hilo, na neno mama halimo.

Maswali yapo. Dodoso la Edinburgh la 1987, la kutambua sonona kwa mama aliyejifungua, lina maswali 10, na la mwisho linauliza kama siku 7 zilizopita mama amefikiria kujidhuru. Nisichotaka ni kusomewa maswali hayo kwa Kiswahili cha ofisini mbele ya foleni. Ukiniuliza, "Je, una huzuni?" nitakujibu sina, nina watu nyuma yangu. Niulize, mtoto akilala na wewe unapata usingizi? Chakula kinapita? Nani anakushikia mtoto ukitaka kuoga? Hilo la mwisho kwangu lingetosha.

Kuna wengine wanaonisumbua zaidi, waliorudi nyumbani mikono mitupu. Wodini nililazwa kitanda kinachofuatana na cha dada aliyefiwa na mtoto wake usiku ule. Maziwa yalimjaa, akawa anayakamulia kwenye kanga, huku sisi wengine tunanyonyesha. Ndugu zake walikuja, wakamwambia asilie sana, Mungu atampa mwingine. Huyo hana kadi ya mtoto ya kumrudisha kliniki wiki ya 6. Arobaini hakuna wa kumfanyia. Nani atakwenda kumtazama? Mhudumu wa mtaa akipewa jukumu moja tu jipya mwaka huu, naomba liwe hilo: kupiga hodi kwa mama aliyefiwa, na kurudi tena.

Mwezi ujao mwanangu anatimiza miezi 18, tutakwenda kwa surua ya pili. Jirani yangu amesema siku hiyo atauza maandazi mapema ili anisindikize. Kuna gogo chini ya ule mwembe. Atakaa pale, amshikie mtoto mama yeyote anayetaka kupumzisha mikono. Hana mafunzo na hajapewa kibali na mtu. Ukiwa na nafasi, mtume hata msaidizi wako aje akae naye saa moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili
Mbagala, Dar es Salaam